Mzee Kafa, Tuanze Upya

Palikuwa na nchi ambayo jina lake ukilitaja sharti usimame wima, mikono ubavuni, mpaka mtu wa cheo akuruhusu kukaa. Kwa kuwa wewe msomaji huenda umekwisha kukaa vizuri, na pengine una chai mkononi, hatutalitaja. Itoshe kusema ilikuwa nchi ya milima na mawe, na serikali yake ilikuwa imesawazisha kila kitu isipokuwa ardhi. Mahali pamoja tu palikuwa tambarare kweli: kiwanja cha nyasi cha Chama cha Wanawake cha Matufe, nyuma ya Ikulu. Hiki ndicho kisa cha chama hicho, na hasa cha katibu wake, Bi. Sikujua, mwanamke ambaye maisha yake yote hakupata kupaza sauti, hata siku aliyokanyaga nyoka.

Chama kilianzishwa na wake wa watawala wa kigeni, ambao hawakuwa na la kufanya kati ya chai ya saa nne na chai ya saa kumi. Waliamuru kilima kimoja kikatwe kichwa. Wafungwa wakakikata, na wengi wao wakabaki humohumo chini ya kifusi, jambo lililosifiwa na bwana shamba wa serikali kwa kuwa liliongeza rutuba. Juu yao zikapandwa nyasi, na juu ya nyasi wakapita mabibi na magauni yao meupe.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kijitufe cheupe huvingirishwa mpaka mbali, kikakaa pale bila kufanya lolote. Kisha wachezaji, kwa zamu, huvingirisha matufe makubwa meusi wakishindana nani atakikaribia zaidi. Matufe hayo yametiwa uzito upande mmoja, kwa hiyo hayaendi moja kwa moja hata ukiyabembeleza. Sharti uyaelekeze pembeni, ndipo yapinde yenyewe taratibu mpaka yafike. Anayenyoosha njia huishia mtaroni. Wananchi wa nchi ile walipoelezwa mchezo huu walisema mbona wanaujua, wamekuwa wakiucheza kazini siku zote.

Mabibi walikiita kijitufe kile Jaki. Bendera iliposhushwa na mabibi wakaenda zao, uwanja ulirithiwa na wanawake waliokuwa wakiwaokotea matufe mtaroni, na hao hawakuona sababu ya kuita kitu kwa jina la mtu wasiyemjua. Walikitazama vizuri. Kichwa cheupe. Kinakaa mbali na watu. Hakifanyi kazi yoyote, na kila mtu anavunjika kiuno kujisogeza karibu nacho. Wakakiita Mzee.

Lugha ya mchezo ikaota kutoka hapo. Aliyekikaribia aliambiwa amekaa na Mzee. Aliyekigusa, kambusu Mzee. Na tufe lilipokipiga kwa nguvu kikaruka nje ya kamba zilizozungushiwa kiwanja, mzunguko ule ulihesabiwa kuwa umekufa, matufe yote yakakusanywa na mchezo ukarudi mwanzo. Hapo ilikuwa desturi mwenye sauti kubwa kuliko wote apaze: “Mzee kafa!” Na wenzake wote waitikie kwa pamoja: “Azikwe, tuanze upya!”

Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Wakati ule mkuu wa nchi alikuwa bado anaitwa Ndugu Mwenyekiti.

*

Bi. Sikujua aliingia chamani kwa mlango wa mumewe. Bwana Songoro alikuwa Naibu Waziri wa Hotuba, na wake wa wakubwa walitakiwa kucheza matufe ili wananchi waone kwamba kumetulia. Alikuwa na wake wawili, Sikujua mkubwa na Havijawa mdogo, na nyumba yao ilikuwa na vita kabla nchi haijapata ya kwake. Waliwahi kumwagiana uji wa moto. Havijawa aliwahi kumng’ata mwenziwe sikio mbele ya wageni wa serikali, na wageni, wakidhani ni ngoma ya kienyeji, wakapiga makofi. Kelele zote za ugomvi zilikuwa za Havijawa, ambaye sauti yake ingetosha kuitia ng’ombe wa wilaya jirani. Sikujua alipigana kimyakimya.

Kisha mkuu wa nchi akachoka kuitwa Ndugu, akidai undugu unamletea ndugu wengi mno. Akachagua kuitwa Mzee. Akapaka nywele chokaa zifanane na cheo, na akakizindua cheo hicho kwa hotuba iliyoanza asubuhi ikapita chakula cha mchana bila kukisalimia. Katikati ya hotuba Bwana Songoro akashikwa na kwikwi. Ingekuwa kwikwi ya kawaida, labda angesamehewa. Lakini hii ilikuja kila Mzee alipotamka neno “maendeleo”, na Mzee alilipenda sana neno lile.

“Tumeleta maendeleo,” alisema Mzee.

“Kwik!” akajibu Naibu Waziri.

“Na tutaendelea kuleta maendeleo!”

“Kwik!”

Mtu mmoja alikimbia kumletea maji. Hukumu ilifika kabla ya maji.

Watu wa nchi ile walikuwa wakipigwa risasi penye mawe, na risasi zilikuwa zikigonga mwamba na kurudi kumpata hakimu. Kanali Kishindo, Mkuu wa Utulivu, akashauri paangaliwe mahali palipo laini. Basi wanawake wa matufe walipewa heshima ya kusitisha mchezo wao na kusogea pembeni. Bwana Songoro akasimamishwa karibu na kamba ya kushoto, bado ana kwikwi, na Kanali mwenyewe akatoa amri. Wake zake wawili walitazama wakiwa wameshikana mikono, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Akafukiwa palepale, nyasi zikarudishwa juu yake na kubanwa kwa roli la kusawazishia nyasi, na wanawake wakaamriwa waendelee walipoachia. Mtu mmoja sokoni akasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Alipigwa mpaka akakiri kwamba nyasi ndizo zilizowachokoza tembo.

Kulia hakukuruhusiwa. Kwa hiyo wajane wale hawakukosa mazoezi hata mara moja. Kwingine mjane huenda makaburini na udi. Wao walikwenda na matufe. Pale alipolala mume wao nyasi ziliota nene kuliko kwingine, na tufe likifika hapo lilizubaa, likapunguza mwendo, mara nyingine likasimama kabisa.

“Mumeo huyo kashika tena!” Havijawa alipiga kelele za kucheka. “Ndivyo alivyokuwa. Akishika, hatoi!”

Sikujua alitabasamu, akainama kuliokota tufe, na mkono wake ukachelewa kidogo juu ya nyasi. Nyumba yao sasa ilikuwa na sufuria moja na ugomvi mmoja mdogo kila asubuhi, wa kuchangamsha damu. Alikuwa hana mtu mwingine duniani ila yule mwanamke mwenye kelele, na alilijua hilo.

*

Kwa miaka hiyo yote chama kilikuwa na mpelelezi wake. Aliishi ndani ya ua wa michongoma, amejifunga matawi, na wanawake walimwita Bwana Kichaka. Walimpelekea chai, na wakati wa kiangazi walimmwagilia maji ili asigundulike. Bwana Kichaka alikuwa ameujua mchezo ndani nje, hata akawa anapiga miluzi tufe likikaribia. Kwa sababu hiyo hakuwa na la kuripoti, na mwishowe alinyongwa kwa kosa la kukosa habari. Akaletwa Bwana Kichaka mpya, kijana wa chuo, mwenye bidii na masikio, ambaye maishani mwake hajaona tufe.

Siku yake ya kwanza kazini, Mama wa Kwanza alikuja kucheza. Yeye alikuwa mlezi wa chama na hakupata kushindwa, kwa kuwa tufe lolote lililokaribia kuliko la kwake lilitiwa mbaroni na askari. Asubuhi ile alikuwa na hasira zake za nyumbani, ambazo si kazi yetu kuzichungulia. Inasemekana zilikuwa na umri wa miaka ishirini na nguo fupi. Mama hakuvingirisha. Alirusha. Tufe lilikwenda likilia juu ya nyasi, likakipiga kijitufe, na kijitufe kikaruka kamba, kikagonga birika la chai, kikatulia mtaroni.

“Mzee kafa!” akapaza Havijawa, na njiwa wa Ikulu wakaruka.

“Azikwe, tuanze upya!” wakaitikia wote.

Mama wa Kwanza akainua mikono miwili juu, uso umemeremeta. “Nimemuua mwenyewe! Kwa mkono wangu! Na nyie mlisema siwezi!”

Wakampigia makofi na vigelegele, kama sheria ilivyotaka.

Ua ukatikisika. Bwana Kichaka alitoka mbio na matawi yake yote, hakusimama mpaka mezani kwa Kanali Kishindo.

“Afande, Mzee kafa!”

“Nani kasema?”

“Kina mama wa matufe. Mkewe ndiye kamuua, afande, anajisifu. Na wengine wanashangilia wanasema azikwe haraka waanze upya.”

Kanali Kishindo alivua kofia. Alilia kwa kiasi kilichowekwa na kanuni, akavaa kofia, akauliza gari la Redio ya Taifa liko wapi. Hakwenda kumtazama marehemu, maana Ikulu ilikuwa upande wa pili wa barabara na Redio ilikuwa upande huu.

“Ndugu wananchi,” alisema hewani, “kwa majonzi yasiyo na mfano ninawatangazia kwamba Mzee kafa. Nami, kwa masikitiko makubwa zaidi, nimekubali kuubeba mzigo ambao hakuna hata mmoja wenu aliyeniomba niubebe.”

Mkuu wa Majeshi ya Anga, ambaye alikuwa na ndege moja, naye alikuwa na masikitiko yake. Aliituma ndege hiyo ikaipige Redio. Rubani alikuwa amezoea gwaride tu, akaachia bomu pale ambapo siku zote huachia maua, yaani juu ya soko la vitunguu. Wanawake waliokwenda kununua kitoweo walikusanywa kwa koleo. Taarifa ya serikali ilisema wananchi wale wameunga mkono mabadiliko kwa hali na mali. Mizinga ikajibu mpaka jioni, mitaa miwili ikateketea, na Mkuu wa Anga akapatikana juu ya mti, vipande vyake vingi.

Na Mzee? Mzee alikuwa kwenye kiti cha kinyozi ndani ya Ikulu, anapakwa chokaa, aliposikia redioni kwamba amekufa. Akachukia sana. Akatoka na taulo shingoni mpaka kwenye geti.

“Mimi hapa!” alifoka. “Sijafa!”

Sasa kumbuka kwamba Mzee huyuhuyu, kwa kalamu yake, alikuwa ametia saini Amri ya Ukweli, isemayo kwamba lililotangazwa na Redio ya Taifa ndilo lililotokea, na anayekanusha auawe palepale. Askari wa zamu getini alikuwa analia kweli, machozi yanamchuruzika. Alimtazama mtu yule mwenye nywele nusu nyeusi nusu nyeupe.

“Tulimpenda marehemu,” alisema kwa uchungu, “na wewe unakuja kumwigiza hata maiti haijapoa.”

Akamimina risasi zote. Hivyo habari ikawa kweli, na watangazaji wakapewa nishani kwa kuwa taarifa yao ilitangulia tukio.

*

Kishindo akawa Mzee. Akapakwa chokaa siku hiyohiyo. Mama wa Kwanza alipelekwa penye nyasi laini na kutangulia mbele ya haki, kama cheo chake kilivyodai. Lakini mkuu mpya huhitaji wahaini wa kutosha, na mmoja ni uchoyo. Havijawa akakamatwa kwa kosa la kutangaza kifo cha kitaifa bila leseni ya utangazaji.

Bi. Sikujua aliitwa kuhojiwa na Mzee mpya mwenyewe, ambaye bado hakuwa amemwamini mtu mwingine kumwachia kazi ile.

“Jina?”

“Sikujua.”

Kofi likamzungusha kichwa.

“Hukujua jina lako mwenyewe?”

“Nalijua, Mheshimiwa. Ndiyo Sikujua.”

Kofi la pili lilitoka na jino. “Unajua au hukujua?”

Bi. Sikujua alifikiri vizuri, damu inamdondoka kidevuni. “Mama yangu alipojifungua aliulizwa mbona hukusema ni wa kike, akasema sikujua. Ndiyo likabaki, Mheshimiwa.”

“Mama yako naye aletwe!”

“Alishakufa.”

“Mnakufa haraka nyie mkiwa na la kuficha.” Mzee akapangusa mkono wake. “Haya, eleza. Nani alipanga kumuua Mzee?”

Akamweleza. Alimweleza kijitufe, kamba, mtaro, na desturi tangu enzi za mabibi. Kishindo alimsikiliza mpaka mwisho, na macho yakazidi kumtoka.

“Kwa hiyo,” alisema polepole, “mmekuwa mkimuua Mzee kila Jumamosi?”

“Si kila Jumamosi, Mheshimiwa. Ni ikitokea.”

“Na mnazika, na mnaanza upya. Mbele ya serikali! Wanasheria wangu wangehitaji mwaka mzima kubuni uhaini wa namna hiyo, na nyinyi mmeutungia kiitikio.”

Aliruhusiwa kumwona mwenzake, ili ajifunze. Sheria ya nchi ile ilikuwa ya haki: iliadhibu kiungo kilichokosa. Mwizi alikatwa mkono, mchunguliaji alitobolewa jicho. Havijawa alikuwa amekosa kwa koo. Walimpiga kooni kwa kitako cha bunduki mpaka kitu ndani kikavunjika, kisha wakampiga tena wahakikishe.

Alikuwa amekaa sakafuni, shingo imevimba na kuwa nyeusi. Sikujua akachuchumaa mbele yake.

“Havijawa. Sema neno, mke mwenzangu. Nitukane.”

Mdomo ulifunguka. Ukatoka upepo, na mate yenye damu. Havijawa alijaribu tena, mishipa ikamsimama, kikatoka kisauti cha mlango usiotiwa mafuta. Kisha akaacha kujaribu. Alimtazama mwenziwe kwa macho ya mtu aliyeibiwa nyumba nzima, akauchukua mkono wa Sikujua, akaufumba vidole kama unaoshika tufe.

Sikujua alirudi nyumbani. Akapika ugali, akakaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ugali ni mbichi. Alivumilia kimya kile kwa muda, halafu akakishika kinu akakibwaga ukutani, na hata hicho hakikutoa kelele ya kutosha. Alikuwa amemzika mume bila kulia, amepoteza jino bila kulia. Usiku ule hakuna aliyesikia alivyofanya, lakini asubuhi macho yake yalikuwa hayafunguki.

*

Sherehe ya kumwapisha Mzee Kishindo ilifanyika kwenye kiwanja cha matufe. Ratiba ilikuwa nzuri: dua, ngoma, kiapo, kupigwa risasi kwa mhaini, soda. Jukwaani walikaa majenerali na makanali, kila mmoja amejaa masikitiko. Havijawa alifungwa kwenye mlingoti karibu na kamba ya kushoto. Wanawake wa chama waliamriwa kuvaa magauni meupe na kujipanga pembeni kama mfano wa wanawake waliosamehewa. Mtangazaji wa Redio ya Taifa alisimama katikati, kipaza sauti kimefunguliwa, nchi nzima inasikiliza kwa lazima.

Mzee Kishindo akasimama.

“Ndugu wananchi,” alianza, “serikali iliyopita ilikuwa serikali ya kupinda. Yangu ni ya kunyooka. Nimewaza, nikajishauri, nikakubaliana na mimi. Nimeona nioneshe huruma, kwa kuwa huruma ni silaha kama silaha nyingine. Katibu wa chama hiki atavingirisha tufe. Moja. Likilala karibu na kijitufe, chini ya urefu wa kiatu changu, mhaini ataachiwa. Likipungua, mhaini atakufa. Likikitoa kijitufe nje ya kamba, watakufa wote wawili, maana huko kutakuwa kumuua Mzee mara ya pili, na safari hii makusudi.”

Makofi. Alishuka jukwaani, akakichukua kijitufe, akakipeleka kwa miguu yake mwenyewe mpaka karibu na kamba ya kushoto. Alipita juu ya zile nyasi nene, akakiweka nyuma ya nyasi hizo kidogo tu. Aligeuka akamchekea Bi. Sikujua.

“Nimekiweka nyuma ya mumeo,” alisema. “Unapakumbuka? Mimi napakumbuka.”

Bi. Sikujua aliletewa tufe. Alilipakata, na kiganja chake kikashtuka. Halikuwa na uzito upande wowote. Mafundi wa serikali mpya walikuwa wameukwangua ule uzito wote, ili tufe liende kwa kunyooka. Angekuwa na tufe la kawaida angelielekeza kulia kabisa, likazunguka nyasi zile kwa nyuma na kujilaza kwa Mzee kama paka. Hili lingekwenda moja kwa moja, na njia ya moja kwa moja ilipita juu ya Songoro. Akilivingirisha taratibu, Songoro atalishika, na akishika hatoi. Havijawa atakufa. Akilitia nguvu lipite, litakipiga kijitufe kitoke nje. Watakufa wote.

Alimtazama Havijawa mlingotini. Havijawa naye, mchezaji wa miaka mingi, alikuwa ameshaona. Alitikisa kichwa: lipunguze, mwenzangu, afe mmoja.

Ndipo Bi. Sikujua akakasirika. Hasira yake haikuwa ya ghafla. Ilikuwa imesimama foleni tangu siku ya kwikwi. Alikuwa mwoga, na uoga haukumtoka. Lakini hakuona namna ya kurudi kwenye nyumba ile yenye kimya.

Akainama, akarusha kwa mwili mzima.

Tufe likaenda limenyooka kama walivyotaka. Likaziingia nyasi nene. Songoro, aliyekuwa akishika hatoi, safari hii aliliachia. Likakipiga kijitufe cheupe katikati ya uso, kikaruka kamba, kikaenda kugota chini ya jukwaa.

Desturi ilijulikana. Wanawake waligeuza nyuso kumwelekea Havijawa, bila kufikiri, kama walivyofanya siku zote. Havijawa alifungua kinywa. Ukatoka upepo.

Bi. Sikujua alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa mtangazaji. Alivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa haijatumika tangu azaliwe, kwa hiyo yote ilikuwa bado imo.

“MZEE KAFAAA!”

“Azikwe, tuanze upya!” wakaitikia wanawake wote, na kipaza sauti kikaichukua, na Redio ya Taifa ikaitangaza mpaka mipakani.

Jukwaani palikuwa na watu waliojifunza jambo moja tu kutoka kwa Kishindo: wa kwanza kufika kwenye Redio ndiye anayerithi. Hakuna aliyegeuka kumtazama marehemu. Majenerali waliruka viti, wakakanyagana ngazini. Jenerali wa kwanza alipigwa risasi na wa pili, wa pili na dereva wake, ambaye naye alikuwa na masikitiko ya muda mrefu. Mkuu wa Bendi alimpasua Mkuu wa Itifaki kwa tarumbeta. Getini magari yalibanana, wakatupiana mabomu ya mkono kwa madirisha yaliyofungwa.

“Mimi hapa!” alifoka Mzee Kishindo katikati ya kiwanja, chokaa inamtiririka kwa jasho. “Wapumbavu! Sijafa!”

Mlinzi wake alimtazama kwa huzuni. Huyu ndiye yule askari wa getini, aliyepandishwa cheo kwa uaminifu wake kwa Amri ya Ukweli.

“Redio imeshasema, mzee wangu,” alisema, akammiminia zote.

Wanawake walikuwa wamelala kifudifudi. Tembo walipigana barabarani mpaka wakabaki wachache, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, nyasi hazikupata jeraha.

*

Risasi zilipohamia mbali, Bi. Sikujua alijiinua, akaenda mlingotini, akafungua kamba kwa meno, yale aliyobakiwa nayo. Havijawa akamwangukia kifuani. Walikaa hivyo chini, wawili, juu ya mume wao.

“Kumbe...” Sauti ya Havijawa ilikuwa mkwaruzo tu, Sikujua ilimbidi aweke sikio, lilelile lenye alama ya meno. “Kumbe unaweza... kupiga kelele?”

“Sikujua,” alisema Sikujua.

Na hakuna aliyempiga kofi. Akashangaa, akarudia tena, “Sikujua,” kisha akaangua kilio kikubwa cha sauti, cha mume, cha jino na cha ugali, na wenzake wakaja wakamzunguka wakalia naye, maana siku hiyo hapakuwa na mtu wa kukataza.

Baadaye walikusanya matufe. Kijitufe kilikuwa kimebiringika kutoka chini ya jukwaa kikalala chini ya mkono wa Kishindo. Sikujua akakitoa, akakifuta damu kwa pindo la gauni.

Jukwaani redio moja ilikuwa bado imefunguliwa. Ikakoroma, na mtu mmoja, anahema huko studio, alianza kuwatangazia ndugu wananchi kwamba kwa masikitiko makubwa amekubali kuubeba mzigo. Nyuma yake mlango ulikuwa unavunjwa. Uani, michongoma ikatikisika kidogo, na kikombe kitupu cha chai kikasogezwa nje taratibu.

Wanawake walijipanga kwenye mstari wao. Sikujua akakivingirisha kijitufe mpaka mbali, kikasimama peke yake juani, kichwa cheupe, hakifanyi lolote. Havijawa akachukua tufe zito, linalopinda kama matufe yanavyotakiwa kupinda, akalipima kiganjani.

“Haya,” alikwaruza, “zamu ya nani?”